Kwa nini wanaoacha kazi ni wachapakazi, na wasiojishughulisha wanabaki mpaka kustaafu?

#1 Kaunta_ya_Pili
Wakuu habari. Kuna jambo linanikera muda mrefu. Kila ofisi niliyopita, anayeandika barua ya kuacha kazi ni yule aliyeibeba ofisi mgongoni. Yule mwingine, wa kuchelewa kila siku na ripoti zake kuandikiwa na wenzake, anazeekea palepale wala hana habari. Wiki hii kaondoka dada mmoja ambaye wateja wakipiga simu hawaulizi idara, wanamuulizia yeye. Uongozi ukaitisha kikao, tukaambiwa "tunaboresha mazingira ya kazi". Kesho yake vikaja viti vipya.

Msimamo wangu: habari za kumjali mfanyakazi na kumpa muda wa familia ni maneno ya semina. Mtu anafuata pesa. Mchapakazi anaipata kwingine, anaondoka. Mvivu haipati, anabaki. Mwenye hoja tofauti aje nayo.

#2 Mti_Mkavu
Umeuliza, umejibu, umefunga mjadala. Sisi tumeitwa kupiga makofi? Nakaa nyuma nasoma. Viti vinazunguka lakini?

#3 Sista_Zamu
Mimi ni muuguzi, nazungumzia wodi yetu tu. Zamani ratiba ya zamu ilikuwa inabandikwa ijumaa jioni kwa wiki inayoanza jumatatu. Huwezi kupanga kitu. Mtoto ana kikao cha wazazi shuleni, hujui utakuwa usiku au mchana. Akaja msimamizi mpya, mama mmoja mkimya, akabadilisha mambo mawili tu: ratiba ikawa inatoka mwezi mzima kabla, na akaruhusu watu kubadilishana zamu wao kwa wao mradi wasaini wote wawili. Waliokuwa wameomba uhamisho wakaacha kufuatilia barua zao.

Kisha akahamishwa. Aliyekuja akasema ratiba ya mwezi "inawapa watu kiburi", akarudisha mtindo wa ijumaa jioni. Haukupita muda mrefu, wakaanza kuondoka, na wa kwanza walikuwa wale wenye ujuzi wa chumba cha wagonjwa mahututi.

Mshahara ulikuwa uleule wakati wote. Sasa kaka Kaunta, hapo pesa iko wapi?

#4 Kaunta_ya_Pili
Dada #3, nakuheshimu, ila hiyo ni wodi moja. Na hao wa wagonjwa mahututi walipoondoka walienda kulipwa kidogo au zaidi? Kuwa mkweli.

#5 Sista_Zamu
Wawili zaidi. Mmoja alienda kliniki ya mchana kwa mshahara mdogo kuliko wetu. Ndiye aliyekuwa bora kuliko wote.

#6 Kitabu_Wazi
Mada nzuri. Hapa kuna maswali mawili yamefungwa fundo moja: je, mtu ANATAKA kuondoka, na je, ANAWEZA kuondoka? Watafiti March na Simon waliyatenganisha mwaka 1958, na sehemu kubwa ya utafiti wa kuacha kazi imejengwa juu ya hapo. Kutaka kunatokana sana na kuridhika na kazi. Kuweza kunatokana na mlango ulio wazi nje.

Mchapakazi wako ana jina nje, akitaka tu anatoka. Mvivu naye huenda anatamani kutoka kuliko hata huyo dada, ila hana pa kwenda. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Kwa hiyo ofisi ikijisifu "kwetu watu hawaondoki", muulize anayejisifu: wameridhika au wamekwama? Meyer na Allen mwaka 1991 waligawa kujifunga kwa mtu na ofisi yake mara tatu: anabaki kwa kupenda, anabaki kwa kuhesabu hasara ya kuondoka, au anabaki kwa kuona ana deni la kiutu. Kwenye daftari la mahudhurio wote watatu wanafanana.

#7 Mti_Mkavu
Mimi ni namba mbili. Nahesabu hasara kila asubuhi, na inagoma kubadilika.

#8 Bwana_Malengo
Ngoja na mimi niseme kama msimamizi, maana hapa tunapigwa tukiwa hatupo. Nina watu kumi na moja. Kazi ya haraka ikishuka saa tisa alasiri na inatakiwa kesho, nimpe nani? Nikimpa yule wa ripoti za kuandikiwa, itarudi imeharibika na nitairudia mimi usiku. Nampa anayeiweza. Sio roho mbaya, ni muda.

Na msimamizi naye ana bosi. Mnasema tuwajali watu. Sisi anatujali nani?

#9 Fundi_Mitambo
#8 umejieleza vizuri na humo humo umekiri kosa. Zawadi ya kufanya kazi vizuri kwenu ni kuongezewa kazi. Punda afe, mzigo ufike. Halafu mwisho wa mwaka nyongeza ya mshahara inagawiwa sawa kwa wote ili "kuepusha manung'uniko". Mchapakazi sio mjinga, anagawanya mshahara kwa saa anazokaa anaona analipwa kidogo kuliko mvivu.

Kaunta, kwa hesabu hiyo ni pesa, ila sio pesa ya kule anakoenda. Ni ya hapa hapa alipo, akiilinganisha na ya jirani yake wa meza.

#10 Kaunta_ya_Pili
#9 sasa unanitetea. Asante. Na tukumbuke Henry Ford: alipandisha mshahara mpaka dola 5 kwa siku ili wafanyakazi wake waweze kununua magari yake. Watu wakatulia. Hakuna aliyeuliza mambo ya muda wa familia.

#11 Nyaraka_za_Kale
Kaunta, hapo umechukua nusu ya hadithi, tena nusu yenye sukari. Tatizo la Ford lilikuwa hili la uzi wako. Mwaka 1913 aliajiri watu zaidi ya 52,000 ili tu kubaki na wafanyakazi kama 14,000. Mzunguko wa kuacha kazi ulifika 370% kwa mwaka. Kazi ya mkanda, yaani kurudia kitendo kilekile kutwa gari likipita mbele yako, ilikuwa inachosha kiasi kwamba watu walikuwa hawaagi, wanapotea tu. Januari 1914 ndipo akatangaza dola 5. Habari ya kuwauzia magari ilikuja kunogeshwa baadaye. Mantiki yake kubwa ilikuwa kuzuia mlango usifunguke kila saa.

Vitu viwili umeviruka. Kwanza, siku hiyohiyo saa za kazi zilishuka kutoka 9 hadi 8. Kwa hiyo muda ulikuwa sehemu ya tangazo. Pili, sehemu ya hizo dola 5 ilihesabiwa kuwa mgawo wa faida, na ili uipate kulikuwa na idara inayotuma watu majumbani kukagua unaishije: unakunywa? nyumba safi? unaweka akiba? Hapo "kumjali mfanyakazi" kulikuja na mtu wa kuchungulia jikoni kwako.

#12 Mti_Mkavu
Kuchungulia jikoni? Afadhali viti.

#13 BintiHesabu
#11 lakini watu walibaki au hawakubaki? Tusikimbie hoja.

#14 Nyaraka_za_Kale
Walibaki. Kuacha kazi kulishuka vibaya sana ndani ya mwaka mmoja. Ila mshahara, saa na masharti vilibadilika pamoja, kwa hiyo anayetaka kumpa pesa sifa zote itabidi anioneshe alivyozitenganisha.

#15 Kitabu_Wazi
Hapo ndipo mwanasaikolojia Herzberg anaingia. Mwaka 1959 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh. Waliwauliza lini ulijisikia vizuri sana kazini, na lini vibaya sana. Majibu hayakuwa pande mbili za kitu kimoja. Yaliyofurahisha yalikuwa mafanikio, kutambuliwa, kazi yenyewe, kukua. Yaliyoudhi yalikuwa sera za ofisi, usimamizi, mshahara, mazingira. Kwa maana hiyo mshahara mbaya unakufukuza, lakini mzuri haukufanyi uipende kazi. Viti vya Kaunta navyo vinaangukia kundi hilohilo.

#16 BintiHesabu
Na kuna aliyemjibu Herzberg vizuri tu: ukimuuliza mtu kwa nini alifanikiwa atajitaja mwenyewe, ukimuuliza kwa nini alikwama atamtaja bosi na sera. Njia ya kuuliza ndiyo iliyopanga majibu. Wengine walipotumia njia tofauti, mgawanyo ule haukujitokeza hivyo. Tusiufanye msahafu.

Hata swali la uzi lina kasoro hiyo. Kaunta, akiondoka mvivu huwa unaandika uzi? Hauandiki. Akiondoka mzuri ofisi inatikisika, unakumbuka miaka. Huenda wanaondoka kwa uwiano uleule, kumbukumbu yako ndiyo inachagua.

#17 Kaunta_ya_Pili
#16 kwetu hajaondoka mvivu hata mmoja. Hata mmoja! Hapo nitakumbuka nini?

#18 Mama_Wawili
Naona mmezama kwenye vitabu. Mimi niliacha kazi niliyokuwa naipenda. Naipenda mpaka leo. Mshahara mzuri, kazi nzuri, hata bosi hakuwa mtu mbaya. Kilichonitoa ni simu. Kundi la WhatsApp la idara linaamka saa tatu usiku, na asiyejibu kesho anaambiwa "jana ulikuwa kimya". Nikiwa namlaza mdogo, macho yako kwenye kioo. Mkubwa akaanza kuninyang'anya simu kwa nguvu.

Tena kwenye sera ya ofisi kulikuwa na saa za kazi zinazobadilika kwa wazazi. Imeandikwa vizuri kabisa. Aliyewahi kuiomba kabla yangu alikuwa anaitwa "wa nusu siku" ilhali alifanya kazi saa zote. Nikaogopa kuomba.

#19 Sista_Zamu
Pole dada #18. Hilo la kuogopa kuomba haki iliyoandikwa ndilo kubwa. Karatasi inasema ndiyo, macho ya watu yanasema hapana.

#20 Kitabu_Wazi
#18 kisa chako kina majina yake kwenye utafiti. Greenhaus na Beutell mwaka 1985 walisema kazi na familia hugongana kwa njia tatu: muda (huwezi kuwa pawili), uchovu na msongo (uko nyumbani lakini umeisha), na tabia (namna unavyoamrisha kazini haifai mezani na mtoto). Mwaka 1999 Thompson na wenzake wakaonesha kwamba kuwapo kwa manufaa kwenye karatasi hakutoshi. Watu huyatumia zaidi pale utamaduni wa ofisi unapokubali, na ofisi ya namna hiyo ndiyo yenye watu wachache wenye nia ya kuondoka.

Ufaransa tangu mwaka 2017 kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50 zinatakiwa kujadiliana na wawakilishi wao kuhusu haki ya kuzima mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi.

#21 Fundi_Mitambo
"Kujadiliana." Nawajua watu wa kujadiliana.

#22 Daktari_wa_Mchana
Niongeze upande wa afya kwa ufupi. Makadirio ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yaliyotoka mwaka 2021 yalisema kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunaendana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa kama 35%, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kama 17%. Huyo mchapakazi mnayemwongezea kazi kila alasiri hamchoshi akili tu.

Na "kuchoka kabisa na kazi" kumewekwa na WHO kwenye orodha yake kama hali itokanayo na kazi, sio ugonjwa. Dalili ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona hufanyi chochote cha maana. Ile ya pili ndiyo wasimamizi huiita "kabadilika tabia siku hizi".

#23 Bwana_Malengo
#22 hiyo ya "kabadilika tabia" imenipata. Ila sisi ofisini tulianzisha programu ya afya: mazoezi, vipimo, semina ya msongo wa mawazo. Tunafanya kitu jamani.

#24 BintiHesabu
Wanaokuja ni nani? Nauliza kwa sababu Chuo Kikuu cha Illinois kilijaribu hili kwa kura ya bahati nasibu kwa karibu wafanyakazi 5,000, matokeo yakatoka 2019. Ukilinganisha tu walioshiriki na wasioshiriki, programu inaonekana ya ajabu. Ukilinganisha waliopangiwa kwa bahati nasibu na wasiopangiwa, athari karibu zote zinatoweka. Waliojitokeza walikuwa watu wenye afya na tabia nzuri tangu mwanzo.

Semina ya msongo saa saba mchana, halafu kazi ya haraka saa tisa. Mtu anaondoka semina akiwa amechelewa zaidi.

#25 Mti_Mkavu
Semina ya msongo ndiyo iliyonipa msongo. Ilikuwa na jaribio la mwisho.

#26 Msimbo_Usiku
Kwangu jibu ni kufanyia kazi nyumbani, basi. Kuna lile jaribio la China, wapokea simu wa kampuni ya usafiri. Waliofanya kazi nyumbani ufanisi ukapanda 13% na kuacha kazi kukashuka kwa nusu. Hoja imefungwa, nendeni mkalale.

#27 Kitabu_Wazi
#26 usiifunge haraka. Jaribio lenyewe ni la Nicholas Bloom na wenzake, Ctrip ya Shanghai, na namba ulizotaja ni sahihi. Ila washiriki walikuwa waliojitolea. Jaribio lilipoisha na watu wakapewa uchaguzi, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani walitaka kurudi ofisini, sababu kubwa upweke. Na kwa utendaji uleule, wa nyumbani walipandishwa cheo mara chache zaidi. Asiyeonekana anasahauliwa.

Kampuni hiyohiyo, sasa ikiitwa Trip.com, ilijaribu tena kwa watu 1,612: siku mbili nyumbani, tatu ofisini. Matokeo yakachapishwa 2024. Kuacha kazi kulishuka kwa theluthi, na kupanda vyeo hakukuathirika. Faida ilikuwa kubwa kwa wasio mameneja, kwa wanawake, na kwa wanaosafiri mbali kwenda kazini.

#28 Sista_Zamu
Na sisi tusioweza kumpeleka mgonjwa nyumbani? Mazungumzo haya kila mara yanaishia kwa watu wa kompyuta. Muuguzi, mwalimu, dereva, mlinzi: usawa wetu ni kujua kesho nitakuwa wapi, na kuwa na mtu wa kunishikia zamu mtoto akiugua. Basi.

#29 Mwalimu_wa_Zamu
#28 umenisemea. Shuleni kwetu ratiba inajulikana mwaka mzima, na walimu wanaondoka vilevile. Wanabeba madaftari nyumbani. Saa za kutoka unazo, muda huna. Mimi nimebaki kwa sababu ya wenzangu wa chumba cha walimu. Mmoja alinifundishia vipindi nilipofiwa, bila mtu kumwomba. Mkuu wa shule hakujua hata kama nimefiwa. Sasa huo ni msaada wa kazini au sio?

#30 Kitabu_Wazi
Pole sana mwalimu. Ni msaada, na una uzito wa pekee. Eisenberger na wenzake mwaka 1986 walianzisha dhana ya namna mfanyakazi anavyoiona taasisi: inathamini mchango wangu? inajali hali yangu? Baadaye wakaonesha kwamba kinachohesabika zaidi ni kile ambacho taasisi ingeweza kutokifanya. Likizo ambayo sheria inalazimisha haikufanyi uione inakupenda. Aliyekushikia kipindi bila kuombwa, hilo moyo unaliandika.

Kuna na Mitchell na wenzake, 2001: mtu anabaki kwa nyuzi zilizomfunga, yaani watu alionao, kufaana kwake na kazi na mahali anapoishi, na vitu atakavyoviacha. Nyingi hazina uhusiano na kuipenda kazi.

#31 Fundi_Mitambo
Hiyo ya nyuzi inaeleza na wavivu. Wana watu wengi pale ofisini kuliko mchapakazi, kwa sababu wana muda wa kuongea nao.

#32 Mti_Mkavu
Hatimaye utafiti umenitambua.

#33 Kaunta_ya_Pili
Nimesoma zote. #5 na #29 zimenifikirisha, lakini bado sijahama. Yule dada wetu jana kanijibu. Kasema kule anakoenda nyongeza ni ndogo. Kilichomwondoa: aliomba ruhusa ya siku moja mama yake akifanyiwa upasuaji, akaambiwa "subiri tufunge mwezi". Alifunga mwezi, kisha akaandika barua. Mimi nasema kama nyongeza isingekuwepo kabisa, asingeandika.

#34 Kitabu_Wazi
Hapo umepata maelezo ya tatu, na hukuyataka. Lee na Mitchell, 1994: watu wengi hawaondoki kwa kupima kuridhika kidogo kidogo. Linatokea tukio moja, mtu anashtuka, anajiuliza anafanya nini pale. Anaweza kuwa alikuwa ameridhika hadi siku ile.

#35 BintiHesabu
Au tukio ni kisingizio tu. Mtu alishaondoka moyoni zamani, akasubiri sababu inayoweza kusimuliwa. Hakuna anayesema "nilichoka ratiba". Upasuaji wa mama kila mtu anauelewa.

#36 Mama_Wawili
#35 jamani. Acha kuhesabu kidogo.

#37 BintiHesabu
Sisemi kadanganya dada yangu. Nasema hata yeye huenda hajui ni lipi.

#38 Bwana_Malengo
Swali kwa Sista #3, kwa dhati. Yule mama mkimya alifanyaje dharura zikitokea? Ratiba ya mwezi kwangu itavunjika siku ya pili.

#39 Sista_Zamu
Ilivunjika pia. Alikuwa na orodha ya kuitwa kwa dharura, inazunguka, na kila jina lilikuwa linaonekana limeitwa mara ngapi. Ukiitwa mara mbili unashuka chini ya orodha hata kama wewe ndiye hodari. Mwanzoni kazi ya dharura ilikuwa inafanywa vibaya na wale wasiozoea. Alikaa nao. Alikuwa anabaki yeye mwenyewe usiku kuwaelekeza, hadi wakazoea.

#40 Bwana_Malengo
Kumbe alibeba yeye. Hiyo ndiyo bei yake, na ndiyo maana wengi hatuifanyi. Nafikiria kubandika orodha ya nani amepewa kazi ngapi za haraka tangu mwaka uanze.

#41 Fundi_Mitambo
Bandika. Ila kabla ya kubandika uwe na mpango, maana mchapakazi wako ataiona na yeye, kwa namba, ukutani. Kwa sasa anahisi tu.

#42 Mti_Mkavu
Na jina langu uliandike kwa herufi ndogo.